Mashine Iliyomponya Mkasi

"Baba, hiyo mashine haina kitu ndani."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Mkasi amekaa kitini, mikono yote miwili imezama kwenye mifuko ya mashine, taa ya kijani inawaka, na binti yake amesimama mlangoni ameshika bisibisi.

Kama wewe umeingia leo, sikiliza kidogo usipotee. Mkasi ni fundi cherehani mwenye karakana ya watu sita. Baridi yabisi ilimkunja vidole mpaka akawa hawezi kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Mkwe wake akamletea zawadi, mashine ya mawimbi ya sumaku ya kutumia nyumbani, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Baada ya wiki sita Mkasi akawa anakata kitambaa kama kijana. Leo saa nne atakata mbele ya mteja mkubwa. Akishindwa, mkasi wa karakana unakwenda kwa mkwe.

Sasa ni saa moja na nusu.

"Rudia," Mkasi alisema.

"Haina kitu. Jana ulipokwenda kuoga niliifungua."

"Nani alikutuma?"

"Vidole vyako. Tangu Ijumaa unashika kikombe kwa viganja, unadhani sikuoni."

Mkasi alizamisha mikono zaidi. Ilikuwa kweli. Tangu Ijumaa maumivu yalikuwa yamerudi, na yeye alikuwa ameongeza muda wa mashine kimyakimya, saa nzima badala ya nusu.

"Toa mikono nikuonyeshe."

"Muda wangu haujaisha."

Binti hakusubiri muda uishe. Alipiga magoti, akafungua misumari minne ya parafujo, akainua kifuniko.

Ndani mlikuwa na betri mbili za tochi. Kitaa kimoja cha kijani. Na kipande cha zege kilichofungwa kwa gazeti ili kisigongegonge. Waya wa ukutani ulikuwa umepigwa fundo ndani ya sanduku, haukuunganishwa na chochote.

Ziko mashine za aina hii zenye koili na umeme wa kweli, na watu wanabishana kama zinasaidia au hazisaidii. Hii haikufika hata kwenye ubishi huo. Hii ilikuwa jiwe lenye taa.

"Lakini nilipona," Mkasi alisema. "Wiki sita nimekata. Nimekata suti. Zege haliponyi mtu."

"Halikukuponya zege. Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Vile vidonge vya hospitali ulivyovitupa chooni. Nilirudi kwa daktari, nikapewa vingine. Navisaga, nakutilia kwenye chai asubuhi na jioni, wewe ukiwa umeingiza mikono humo."

Mkasi alichomoa mikono. Vidole vilitoka vimekunjwa kama makucha ya kuku aliyechinjwa.

"Umeninywesha dawa kwa siri. Mimi. Kama mbwa."

"Ulisema vidonge ni vya wazee."

"Na ulijua tangu lini kwamba hii ni takataka?"

"Siku ya kwanza. Umeme ulikatika mtaa mzima, taa yako ikaendelea kuwaka. Hukuona, ulikuwa umefumba macho. Unatabasamu. Baba, tangu mama afe sijakuona unatabasamu. Na mashine kaileta mume wangu. Ningesema ni uongo ningebomoa nyumba mbili kwa siku moja."

Baba mwingine angemshika mtoto wake mkono. Mkasi alimtazama kutoka miguuni mpaka kichwani, kama anayetafuta pa kuanzia kukata.

"Mama yako alinizalia mtoto mmoja tu," alisema. "Nikasema si neno, Mungu hakosei. Leo naona siku hiyo alikuwa anatazama pembeni."

Binti aliyameza hayo. Si ya kwanza kuyameza.

"Leta hizo dawa," Mkasi alisema.

"Nini?"

"Umekuwa daktari, sasa unakuwa kiziwi? Saa nne nakata. Leta dawa. Tia mara mbili."

"Daktari kasema kipimo kimoja."

"Daktari hakati kitambaa saa nne."

Alikwenda jikoni, akarudi na kikombe cha chai na kopo la zamani la vifungo. Ndani ya kopo mlikuwa na unga mweupe, laini, uliosagwa kwa uangalifu. Alitia vijiko viwili, akakoroga. Mkasi alikibana kikombe kwa viganja, akapiga mafunda matatu.

Akaacha. Ulimi ukaanza kutembea nyuma ya meno.

Msomaji, fundi akiwa na utepe mkono huu na kitambaa mkono ule, chaki inakaa wapi? Mdomoni. Mkasi ameuma chaki kwa miaka arobaini na mitano. Anaijua ladha yake kuliko anavyoijua ya mkate.

"Unga huu uliusaga lini?"

"Jumatano. Nilisaga wa wiki mbili."

"Onja."

"Baba, muda—"

"Onja."

Alilowesha kidole, akagusa unga, akatia ulimini. Naye amekulia chini ya meza ya fundi. Alikaa chini palepale, kwenye ukingo wa kitanda cha baba yake.

"Chaki," alisema.

"Ya kwetu. Ile nyeupe ya kwenye sanduku refu. Nani mwingine anajua kopo hili linakaa wapi?"

Binti alifunika kopo.

"Ijumaa alinisaidia kuosha vyombo," alisema. "Tangu tuoane hajawahi."

*

Anayezungumziwa ni mumewe, mkwe wa Mkasi. Karakana nzima humwita Pasi, kwa sababu ni laini, hunyoosha kila kitu, na ukimgusa vibaya unaungua. Ni fundi wa pili baada ya Mkasi. Kwa miaka tisa ameushona uwezo wake wote kwenye nguo zilizokatwa na mtu mwingine, na kwa miaka tisa amesema, "Ndiyo, baba."

Alinunua sanduku la zege akijua ni la zege. Alitaka mzee ajisifu wiki mbili, kisha aumbuke. Mzee alipopona kweli, Pasi alikosa usingizi. Akaanza kuchunguza jikoni. Mengine unayajua.

"Nitamwambia kila mtu," binti alisema walipokuwa wanavuka ua kwenda karakana. "Nitasema alichofanya."

"Hutasema neno."

"Kakuhujumu, baba."

"Wakijua hilo watajua na lile. Wiki sita nawahubiria watu jiwe. Unataka nife nachekwa?"

"Na Mama Vifungo?"

Mkasi aliongeza mwendo.

Mama Vifungo ni mama mtu mzima anayeshona vifungo na matundu yake pale karakana, magoti yake mabovu kuliko vidole vya Mkasi. Mkasi ndiye aliyemshauri. Alimwambia dawa za hospitali zinaharibu figo, anunue mashine, atamshukuru. Akanunua kwa Pasi, ileile. Dawa akaacha. Sasa asubuhi wanawe wanambeba mpaka kitini na jioni wanambeba kurudi. Juzi tu Mkasi alimwambia avumilie, kwamba mashine huyavuta maumivu nje kwanza ndipo iyaondoe. Sentensi hiyo aliitunga palepale, na ilimpendeza.

Binti alimfuata nyuma. Kopo la vifungo alikuwa amelitia mfukoni mwa aproni.

Ndani, meza ndefu ilikuwa tayari. Tabaka nane za kitambaa cha bluu zimelazwa moja juu ya nyingine, mstari mweupe umechorwa juu. Sketi za shule. Matroni wa shule alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, mkoba magotini. Mafundi watatu wamesimama, wamefunga vyerehani vyao. Mama Vifungo kitini kwake, karibu na dirisha.

"Fundi," Matroni alisema, "mwaka jana ulikuwa mgonjwa, mkanikatia hivyohivyo. Sketi upande mmoja unachungulia goti, upande wa pili unafagia sakafu. Nikasema safari hii nitakuja niuone mkono unaokata."

"Utauona, mama."

"Baba," Pasi alisema, shati lake limenyooka kama karatasi. "Mashine imefanya kazi yake leo?"

"Imefanya."

"Tumshukuru Mungu. Mama Matroni, ukiwa na kiungo kinakusumbua usione haya, useme."

"Kinachonisumbua ni sketi," Matroni alisema.

Mkasi mkubwa ulikuwa umening'inia ukutani, peke yake, kwenye msumari wake. Huo hauazimwi. Anayeushika ndiye anayesema nani ashone nini, nani aje, nani aende. Na anayeutia mkononi mwa mtu mwingine kitambaa kikiwa mezani, hata kwa dakika moja, hata kwa kusaidiwa, amestaafu. Sheria hiyo hakuitunga Mkasi, lakini alikula matunda yake. Alimnyang'anya mwalimu wake siku macho ya yule mzee yaliposhindwa kuuona mstari. Alimwambia, nipe nikusaidie. Yule mzee alikwenda nyumbani, hakuonekana tena mtaani.

Mkasi aliushusha. Akaingiza kidole gumba kwenye tundu. Kifundo kilikataa, akakisukuma kwa mkono wa pili mpaka kikapita.

Akaanza.

Pima ya kwanza, urefu wa mikono miwili, ilikwenda. Tabaka nane zilifunguka zikisema kraa, kraa, mstari umenyooka. Fundi mmoja alitikisa kichwa kwa kukubali. Mama Vifungo alinyanyua mkono.

"Si mnaona," alisema. "Mashine hiyo. Na mimi yangu ni muda tu."

Pima ya pili. Mkasi alihisi kama mtu anampitishia sindano ya magunia katika kila kifundo, anaivuta, anairudisha. Jasho lilidondoka kwenye kitambaa. Alilifunika kwa kiwiko.

Pima ya tatu, gumba likakwama. Halikufunga wala kufungua. Mkasi akasukuma kwa bega, na makali ya mkasi yakateleza nje ya mstari kwa upana wa vidole viwili.

Tabaka nane ni sketi nane.

Mafundi walitazama kitambaa. Hakuna aliyemtazama usoni. Hiyo ilikuwa adabu yao, na iliuma kuliko kucheka.

Pasi alisogea. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Akanyoosha kiganja.

"Nipe nikusaidie, baba."

Sasa, msomaji, kama ulikuwa umeanza kumwonea huruma Mkasi, vumilia.

Alikitazama kile kiganja. Akamtazama Matroni. Akamtazama Mama Vifungo. Akamaliza kwa binti yake, aliyekuwa mlangoni, mdomo umefungwa kama alivyoagizwa.

"Nimetiliwa sumu," Mkasi alisema.

"Sumu gani?" Matroni aliuliza.

"Kwenye chai. Tangu Ijumaa."

"Nani?"

"Nani ananipikia chai?" Akaelekeza kwa kidevu. "Mashine iliniponya, wote mmeona. Huyu akaona nikipona mkasi hautamfikia mumewe. Akanitilia kitu. Muulizeni kama hajatia."

Vichwa vyote viligeukia mlangoni. Pasi alikawia kidogo. Unajua alikuwa anapiga hesabu gani? Mke mmoja upande huu. Upande ule, jina la mashine linabaki safi, jina lake linabaki safi, na mzee bado hawezi kukata. Haikumchukua muda.

"Nilihisi," alisema kwa huzuni. "Nilimwona anasaga kitu jikoni. Nikajiambia, hapana, si mke wangu."

Hivyo ndivyo wanaume wawili waliotaka kumalizana walivyopatana, bila kikao, bila kupeana mkono.

"Ndiyo maana chai yake siku hizi nzito," fundi mmoja alisema.

"Ulikunywa lini wewe chai yake?"

"Nasema tu."

"Mwanangu," Mama Vifungo aliita. Yeye ndiye aliyemlea huyu binti mama yake alipofariki. "Mwanangu, njoo hapa. Kweli ulimtilia baba yako kitu?"

"Kweli, mama."

"Ee Mungu wangu."

Binti aliingia mpaka mezani. Hakulia. Alitoa kopo mfukoni, akaliweka juu ya kitambaa cha bluu, akafungua kifuniko. Wote wakauona unga mweupe.

"Ni hii hapa," alisema. "Asubuhi na jioni. Baba anasema ni sumu. Mume wangu anasema aliniona nasaga. Mimi ni nani nibishane na watu wawili."

Pembeni palikuwa na jagi la maji ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Alimimina maji kwenye kikombe kilichokuwa kando yake, akapindua kopo lote, akakoroga kwa kidole. Ikawa kama chokaa.

"Unafanya nini?" Mama Vifungo aliuliza.

Binti alikinyanyua akanywa.

Mama Vifungo alijirusha kutoka kitini. Magoti hayakumfuata. Alianguka kifudifudi sakafuni, akaendelea kuja kwa viwiko, huku anasema weka chini, mwanangu, weka chini. Fundi mmoja aliruka juu ya cherehani. Mwingine alikimbilia mlangoni anaomba maziwa kwa majirani. Matroni, mkoba umemwanguka, alimfikia wa kwanza, akamkamata kiganja na kukipinda mpaka kikombe kikamwagika. Lakini zaidi ya nusu ilikuwa imeshakwenda. Michirizi myeupe ilimshuka binti kidevuni.

"Tapika," Matroni alisema. "Ingiza kidole. Tapika."

Binti alitikisa kichwa. Alikuwa hamwangalii yeye. Alikuwa anamwangalia baba yake.

Matroni huyu ameishi na wasichana mia nne bwenini kwa miaka ishirini na sita. Kitu kikiibiwa, yeye hamtafuti anayelia. Anamtafuta asiyeshtuka. Aligeuka, bado ameshika kile kiganja, akaitazama karakana.

Watu wote walikuwa wamehama mahali walipokuwa wamesimama. Wote isipokuwa wawili.

Pasi alikuwa palepale, anakunja utepe wa kupimia. Ameukunja vizuri, pembe kwa pembe.

"Mkeo amekunywa sumu," Matroni alimwambia. "Wewe unakunja utepe."

Pasi aliuangusha utepe, akashika kichwa kwa mikono miwili. Alifanya vizuri, tatizo alichelewa.

"Na wewe," Matroni akamgeukia Mkasi. "Huyu si mtoto wako? Mbona hata mguu hujainua?"

Mkasi aliutazama mkono wake. Gumba lake lilikuwa bado limekwama kwenye tundu la chuma.

"Nyinyi wawili mnajua kilichomo humu," Matroni alisema, na halikuwa swali.

Binti alijifuta kidevu kwa nyuma ya mkono. "Sema wewe, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi uliniambia nisiseme."

Neno lenyewe lilikuwa moja, fupi, la kila siku, na kila mtu mle ndani alikuwa nalo mfukoni au sikioni. Akilisema, binti yake anatoka pale akiwa mtu. Akilisema, kila kitu kinafuata nyuma yake: dawa, sanduku, jiwe, wiki sita za mahubiri. Na mkasi anautoa. Asipolisema, Matroni ataita polisi, na Pasi atakuwa shahidi.

Mkasi alivuta pumzi. "Mama Matroni," alianza, "mtoto huyu tangu utotoni—"

"Kaka."

Sauti ilitoka chini. Mama Vifungo alikuwa bado sakafuni, kati ya miguu ya meza na miguu ya watu, magoti yamelala nyuma yake kama mizigo ya mtu mwingine. Alikuwa hamtazami binti tena. Kidole chake kilikuwa kimegusa kile kilichomwagika, na kidole hicho kilikuwa mdomoni. Naye ni fundi. Miaka thelathini.

Alikitoa polepole.

"Kaka," alisema, "mimi sikuulizi habari ya chai. Nakuuliza habari ya ile mashine yangu. Ina nini ndani?"